Ndugu yako amehukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya kijijini: namna ya kukata rufani, hatua kwa hatua

Jaji akishatamka kwamba mshtakiwa atanyongwa hadi kufa, huongeza maneno machache ambayo ndugu waliojaa nyuma ya mahakama hawayasikii kwa vilio: haki ya rufani imeelezwa. Watu hutoka nje wamechanganyikiwa. Mmoja anatafuta mtu "anayejuana na wakubwa", mwingine anarudi kijijini kuuza ng'ombe, na wakati huohuo siku zimeshaanza kuhesabiwa.

Mwongozo huu ni wa ndugu hao, na wa mfungwa mwenyewe akiupata. Unahusu Tanzania Bara, na kesi za aina inayojaza vikao vya Mahakama Kuu mikoani: mtu kauawa usiku kitongojini kwa panga au rungu, chanzo ni mpaka wa shamba, ugoni, ulevi au tuhuma za uchawi, na mashahidi ni majirani na watoto wa nyumba ileile. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kusimama mbele ya majaji si kazi yangu, ila kusoma makaratasi na kuona familia zinakwama wapi ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Rufani si kesi inayoanza upya. Mashahidi hawaitwi tena, na hakuna atakayemuuliza ndugu yako usiku ule alikuwa wapi. Majaji wanasoma kilichoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, basi. Kama jibu lake halimo humo, kwao halipo. Kwa hiyo nguvu zako zote zielekee kwenye karatasi.

Hatua ya 1: Notisi ya rufani ndani ya siku 30

Rufani ya mauaji inatoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hata kama kesi ilisikilizwa na hakimu mkazi mwenye mamlaka ya nyongeza, njia ni hiyohiyo. Usipeleke Mahakama Kuu ukidhani ni ngazi inayofuata.

Watu wengi huamini kwamba adhabu ya kifo inajikatia rufani yenyewe. Haijikati. Ni lazima mfungwa, au wakili wake, atoe notisi ya rufani ndani ya siku 30 tangu siku ya hukumu, kwa mujibu wa Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009. Akiwa gerezani anajaza fomu, anaweka sahihi au dole gumba, na kumkabidhi mkuu wa gereza, ambaye ndiye anayeipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Mfungwa hadaiwi ada.

Notisi ni karatasi fupi, lakini rufani nyingi zimewahi kuondolewa mahakamani kwa sababu yake. Kagua mambo haya: tarehe ya hukumu iwe ileile iliyo kwenye hukumu, si ya siku aliyofika gerezani, namba ya kesi iwe kamili pamoja na mwaka, kosa litajwe kwamba ni kuua kwa kukusudia, adhabu itajwe, na ieleweke anapinga kutiwa hatiani. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka. Kama polisi walimwandika kwa jina la utani la kijijini, liandike hilohilo hata kama linamkera.

Wiki hiyohiyo nenda gerezani siku ya kutembelea. Usiishie kupeleka sabuni na dawa ya meno. Mwulize ndugu yako ametia sahihi karatasi gani na lini, kisha umwone ofisa anayeshughulikia mambo ya rufani. Ongea kwa adabu, huko hakuna anayesukumwa: "Shikamoo afande. Nimekuja kwa ajili ya ndugu yangu aliyehukumiwa juzi. Naomba kujua kama notisi yake imeshatoka, na imetoka tarehe ngapi." Tarehe utakayotajiwa iandike kwenye daftari. Ukipewa nakala yenye mhuri, itunze. Siku mtu akidai notisi ilichelewa, utetezi wenu ni mhuri huo.

Na kama siku 30 zimeshapita? Mlango haujafungwa. Yapo maombi ya kuongezewa muda, yanayoanzia Mahakama Kuu, na yakikataliwa huko yanaweza kupelekwa Mahakama ya Rufani. Yanaambatana na hati ya kiapo inayoeleza kila kipindi cha ucheleweshaji: alihamishwa gereza lini, aliugua lini, aliomba nakala ya hukumu lini na akaipata lini. "Nilichelewa kwa kuwa sijui sheria" haisaidii. Kinachosaidia ni kwamba mfungwa anategemea maofisa wa gereza kwa kila karatasi, na majaji wanalijua hilo. Kiapo cha ofisa wa gereza kinachothibitisha maelezo yake kina uzito mkubwa kuliko cha kwako wewe ndugu.

Hatua ya 2: Wakili, na jinsi ya kumkwepa kishoka

Katika rufani ya adhabu ya kifo mahakama humpangia mrufani wakili asiyelipwa na familia. Hili watu hawaliamini, na ndipo mashamba yanapouzwa bure. Kama mna uwezo wa kuweka wakili wenu, ni haki yenu, lakini msiuze kila kitu kwa hofu kwamba bila fedha hakuna atakayesimama.

Kasoro ya wakili wa kupangiwa naijua vizuri: mara nyingi anapewa jalada siku chache kabla ya kikao, na anaweza kuwa na mafaili mengine kadhaa ya kikao hichohicho. Dawa yake si kumlalamikia. Dawa ni kufanya kazi ya hatua ya 4 mapema, uandike kurasa mbili zenye namba za kurasa za mwenendo, na siku akipangwa umpelekee. Wakili mwenye haraka atakushukuru kwa kurasa mbili. Ukimpelekea simulizi ya kurasa 20 kuhusu ugomvi wa ukoo, ataiweka pembeni.

Vishoka wapo wengi kuzunguka majengo ya mahakama, wenye suti na mikoba. Yeyote anayejiita wakili mtafute kwa jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Simu yoyote yenye intaneti inatosha. Anayesema "jaji wa rufani ni mtu wangu" mkimbie hapohapo. Wanaohitaji msaada wa bure wanaweza kuuomba chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa, na Chama cha Wanasheria Tanganyika pia hutoa huduma hiyo.

Hatua ya 3: Kupata kumbukumbu za rufani

Notisi ikishapokelewa, Msajili wa Mahakama Kuu ndiye anayeandaa kumbukumbu za rufani: hati ya mashtaka, mwenendo, vielelezo, hukumu. Mrufani anapewa nakala yake. Hapa ndipo miaka inapoliwa. Andikeni barua ya kuomba nakala ya mwenendo na hukumu mapema, tunzeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na kumbusheni kwa barua nyingine. Barua zenye mhuri zinafanya kazi kuliko kwenda kaunta kila mwezi na kurudi na "njoo wiki ijayo".

Lugha: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini kesi nyingi za mauaji zinazofika rufani bado zina mwenendo wa Kiingereza. Shahidi alisema "nilimwona kwa mwanga wa koroboi", karani au jaji akaandika tafsiri yake. Mtafuteni mtu anayesoma Kiingereza vizuri, awasomee sentensi kwa sentensi, huku aliyekuwepo mahakamani akisikiliza. Mkiona jambo muhimu limeandikwa tofauti na lilivyosemwa, mwambieni wakili, lakini msitarajie makubwa: kumbukumbu ya mahakama huchukuliwa kuwa ni sahihi, na kuipinga ni kazi ngumu.

Hatua ya 4: Kusoma mwenendo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Kwa kuwa ni rufani ya kwanza, Mahakama ya Rufani ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Msingi huo ni wa zamani, tangu kesi ya Pandya ya mwaka 1957 katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Hivyo hoja za ushahidi zina nafasi, mradi zimo kwenye karatasi.

Chukua daftari. Kila shahidi mpe ukurasa wake: PW ni mashahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, DW ni wa utetezi. Upande wa kushoto andika alichosema na namba ya ukurasa, upande wa kulia andika anapopingana na mwingine. Kisha pitia maswali yafuatayo. Si kila kesi inayo yote. Nyingi zinaamuliwa na moja au mawili.

*Utambuzi wa usiku.* Tuseme bibi mmoja alikatwa panga saa tatu usiku nyumbani kwake. Mjukuu wake wa miaka 16, PW2, anasema mahakamani alimtambua ndugu yako kwa mwanga wa taa ya sola. Kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, ndiyo kipimo mpaka leo. Taa ilikuwa wapi, sebuleni au uani? Mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani? Shahidi alisimama umbali gani? Alimwangalia kwa muda gani? Palikuwa na kitu kilichozuia kuona? Alimfahamu kabla? "Kulikuwa na mwanga wa kutosha" pekee haitoshi. Shahidi lazima aeleze huo mwanga. Na kumfahamu mtu tangu utotoni hakumalizi suala. Hata ndugu hufananishwa gizani.

Sasa endelea kusoma. Mjukuu alipiga yowe, majirani wakaja. Nani alifika kwanza? Tuseme ni jirani aliye PW3, naye anasema mtoto alikuwa analia tu. Mtendaji wa kijiji, PW4, anasema alipofika saa nne aliambiwa wauaji ni watu wasiofahamika. Jina la ndugu yako linajitokeza kwa mara ya kwanza kwenye maelezo ya polisi, siku tatu baadaye, baada ya msiba kujaa watu na maneno. Hapo umepata hoja yenye uzito. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, iliyoripotiwa mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uaminifu, na kuchelewa kumtaja bila sababu kunaifanya mahakama ijiulize maswali. Andika: "PW2 hakumtaja kwa PW3 (uk. fulani) wala kwa PW4 (uk. fulani)." Mstari huo mmoja una thamani kuliko machozi ya ukoo mzima.

*Maelezo ya onyo na ungamo.* Kama kuna maelezo ya kukiri yaliyoandikwa polisi, angalia saa. Sheria inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu awe chini ya ulinzi wa polisi, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Muda wa safari inayohusu upelelezi hauhesabiwi. Linganisha saa iliyoandikwa juu ya maelezo na saa ambayo shahidi aliyemkamata anaitaja. Halafu jiulize: utetezi ulipinga maelezo hayo yalipotolewa? Kama ulipinga kwamba alipigwa, lazima kuwe na kesi ndogo ndani ya kesi kupima hilo. Kama wakili wa awali alinyamaza, kuja kusema leo kwamba alipigwa ni kuchelewa, na Mahakama ya Rufani imelisema hilo mara nyingi. Mwisho, baada ya kupokelewa, je, yalisomwa kwa sauti mahakamani? Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi, kielelezo cha maandishi ambacho hakikusomwa baada ya kupokelewa huondolewa kwenye ushahidi.

Msijidanganye kwamba kila maelezo yatatupwa. Kukiri kwa hiari ni ushahidi wenye nguvu kuliko karibu wote, na mtu aliyekiri kisha akakana anaweza kutiwa hatiani kwa maelezo hayo mahakama ikiridhika kwamba ni ya kweli.

*Ripoti ya daktari.* Ripoti ya uchunguzi wa mwili nayo husahaulika kusomwa, ikaondolewa. Ndugu hushangilia mapema hapa. Kama daktari mwenyewe alitoa ushahidi kwa mdomo, au kifo chenyewe hakibishaniwi, kesi inabaki imesimama.

*Vielelezo.* Panga lilikutwa wapi, nani alilichukua, likapita mikononi mwa nani mpaka mahakamani? Kuna hati ya upekuzi na shahidi huru? Panga la mpini wa mti lipo kila nyumba, na usipoonyeshwa uhusiano wake na marehemu, ni panga tu.

*Maneno ya marehemu.* Kijijini ni kawaida kusikia "alimtaja kabla ya kukata roho". Sheria inayapokea maneno hayo, lakini kwa tahadhari: alikuwa na hali gani, alishambuliwa kwenye giza au mwanga, nani alimsikia, na je, wote waliomsikia wanasimulia jina lilelile?

*Shahidi ambaye hakuletwa.* Hakuna idadi maalumu ya mashahidi. Lakini kama aliyekuwa karibu kabisa na tukio hakuitwa wala sababu haikutolewa, mahakama inaweza kuona kwamba angesema yasiyoupendeza upande wa mashtaka. Kesi ya Azizi Abdallah ya mwaka 1991 ndiyo inayotajwa hapa.

*Kundi la watu.* Mwano, yaani yowe la kuita watu, ukipigwa, sungusungu na kijiji kizima hutoka, na mwizi au mtu aliyeitwa mchawi anauawa. Wanaoshtakiwa ni wachache waliotajwa. Kuwepo tu mahali pa tukio si kosa. Lazima ushahidi uonyeshe mtu alifanya nini, au kwamba alishiriki kusudio moja na waliopiga.

*Utaratibu.* Kwa kesi zilizosikilizwa kabla ya marekebisho ya mwaka 2022, washauri wa mahakama, yaani raia wanaokaa na jaji na kumpa maoni yao, walikuwa wa lazima, na hukumu nyingi zilibatilishwa kwa sababu jaji hakuwaeleza mambo muhimu ya kisheria au aliwaacha wamdodose shahidi. Tangu 2022 kuwa nao ni hiari ya jaji. Kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kung'ang'ania hoja hii. Mtoto asiyezidi miaka 14 aliyetoa ushahidi bila kiapo lazima aahidi kusema kweli na si uongo, na ahadi hiyo ionekane kwenye kumbukumbu. Tahadhari nyingine: namba za vifungu katika toleo la sheria lililorekebishwa la 2023 hazilingani zote na za matoleo ya nyuma, ndiyo sababu sikujazii namba hapa. Mwachie wakili azithibitishe.

Hatua ya 5: Amua mnapigania nini

Swali hili familia hulikwepa, na wakili hawezi kulikwepa: mnasema hakuua, au mnasema aliua lakini si kwa kukusudia?

Tofauti ni kati ya uhai na kamba. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa. Ni vifungu vya 196 na 197 vya Kanuni ya Adhabu kwa namba zilizozoeleka. Jaji hana hiari, na ndiyo maana adhabu yenyewe haikatiwi rufani peke yake. Lazima upinge kutiwa hatiani. Majirani zetu wa Kenya waliiondoa lazima hiyo mwaka 2017 kupitia kesi ya Muruatetu. Kwetu ipo, na Mahakama ya Rufani iliihalalisha mwaka 1995 katika kesi ya Mbushuu. Kuua bila kukusudia, kwa upande mwingine, kunaishia kifungo cha maisha kwa juu kabisa, na mara nyingi ni miaka.

Nia ovu, yaani kule kukusudia kunakotenganisha makosa hayo mawili, hupimwa kwa mambo yaliyoorodheshwa katika kesi ya Enock Kipela: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno yaliyotamkwa, na mwenendo wa mtu kabla na baada. Fimbo moja kichwani kwenye ugomvi wa kilabu cha pombe si sawa na mapanga sita shingoni mwa mtu aliyelala. Kifo kikitokea katika kupigana, sheria huelekea kuua bila kukusudia, na kesi ya Moses Mungasiani Laizer ya mwaka 1994 hutajwa hapo. Kughadhibishwa ghafla, kama kumfumania mke, nako kunahesabika ikiwa mtu alitenda papo hapo kabla hasira haijatulia; akienda nyumbani, akanoa panga na kurudi, hoja imekufa. Na kuamini tu kwamba marehemu alikuwa mchawi hakumpi mtu nafuu.

Mnaweza kuziweka hoja zote mbili, ya pili kama mbadala. Ila kama ushahidi wa kumtambua ni mzito, alionekana mchana na watu kumi wanaomjua, maoni yangu ni kwamba nguvu zote ziende kwenye nia ovu. Nimeona familia zikikataa hilo kwa fahari, "mwanetu hajaua", huku mwenendo mzima unasema vingine.

Hatua ya 6: Sababu za rufani

Baada ya kupokea kumbukumbu kuna siku 21 za kuwasilisha hati ya sababu za rufani. Mfungwa anaipeleka kupitia mkuu wa gereza, kama notisi. Iwe fupi, yenye namba, isiyo na mabishano wala hadithi. Kwa mfano wetu wa bibi:

1. Jaji alikosea kumtia mrufani hatiani kwa utambuzi wa usiku ambao mazingira yake hayakuondoa uwezekano wa kufananisha.

2. Jaji alikosea kumwamini PW2 ambaye hakumtaja mrufani kwa PW3 na PW4 waliofika kwanza, bila kueleza sababu.

3. Jaji alikosea kutegemea maelezo ya onyo ambayo yaliandikwa nje ya muda wa kisheria na hayakusomwa mahakamani baada ya kupokelewa.

4. Kwa mbadala, ushahidi haukuthibitisha nia ovu.

Zinatosha. Magerezani huzunguka nakala za sababu 12 au 15 zilizoandikwa na mfungwa mzoefu kwa ajili ya kila mtu, zinazolalamikia gwaride la utambulisho hata pale ambapo halikufanyika. Ikishaenda ya namna hiyo, wakili ataomba kuwasilisha hati ya nyongeza na kuziacha zile za awali, hivyo msife moyo. Yasiyofaa kabisa kuandika: ana watoto wangapi, ni muumini mzuri, wazee wa kijiji wanamwombea.

Tena hapo kwenye wazee wa kijiji. Huko kwetu baada ya mauaji koo hukaa, ng'ombe wakatolewa, watu wakapeana mikono, na familia ya marehemu ikaandika barua ya kusamehe mbele ya mwenyekiti. Ni jambo jema na mlifanye kwa ajili ya amani, lakini kesi ni ya Jamhuri, si ya familia ya marehemu. Barua hiyo haifuti rufani wala kuishinda. Vivyo hivyo na shahidi anayekuja kusema sasa kwamba alidanganya: ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana kwenye rufani, na mkimfuata nyumbani kumshawishi mnaweza kujitengenezea kesi yenu wenyewe. Mwambieni wakili, muishie hapo.

Hatua ya 7: Siku ya kusikilizwa

Mahakama ya Rufani huzunguka mikoani kwa vikao. Hukaa Mwanza, Tabora, Bukoba, Mbeya, Arusha, Mtwara na kwingineko. Kati ya hukumu na siku hiyo kwa kawaida hupita miaka, na mtu haachiwi kwa dhamana. Orodha ya mashauri hubandikwa na kuwekwa mtandaoni kabla ya kikao.

Majaji ni watatu. Wakili wa mrufani anaanza, Wakili wa Serikali anajibu, kisha wakili wenu anamalizia. Saa moja inaweza kutosha kwa kesi iliyomla mtu miaka minane mahabusu. Msishangae Wakili wa Serikali akisimama na kusema Jamhuri haipingi rufani. Hutokea akiona mwenendo una kasoro isiyotibika. Hata hivyo majaji hawafungwi na kauli yake. Ndugu mnaruhusiwa kuingia: zimeni simu, kaeni kimya, msiinue mikono. Hukumu husomwa siku nyingine, mara nyingi kabla kikao hakijafungwa, na baadaye huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, ambako pia mnaweza kusoma bure kesi nyingi nilizozitaja.

Hatua ya 8: Baada ya hukumu ya rufani

Rufani ikikubaliwa, utasikia kwamba hatia imefutwa, adhabu imetenguliwa, na mrufani aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Mahakama inaweza badala yake kupunguza kosa kuwa kuua bila kukusudia na kutoa kifungo cha miaka, au kuamuru kesi isikilizwe upya. Amri ya kusikilizwa upya haitolewi ili kuusaidia upande wa mashtaka kuziba mapengo ya ushahidi wake. Hilo lilisemwa katika kesi ya Fatehali Manji mwaka 1966. Wakili akiona hatari hiyo aikabili mapema.

Akiachiwa, msimpeleke kijijini usiku huohuo kwa ngoma. Kwa familia ya marehemu, mahakama kusema ushahidi haukutosha si sawa na kusema hakuua. Aende kwanza kwa ndugu mjini, ninyi mkaongee na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na wazee wa pande zote mbili, mjue hali ikoje. Wapo wanaohamia wilaya nyingine moja kwa moja.

Rufani ikitupwa, zimebaki njia nyembamba. Kuna mapitio ya hukumu, yanayoombwa Mahakama ya Rufani hiyohiyo ndani ya siku 60. Hayo si rufani ya pili: lazima uonyeshe kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, au kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu batili, au mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu. Maombi mengi hukataliwa kwa kuwa yanarudia hoja zilezile.

Wengi huuliza kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Mwaka 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, mahakama hiyo ilisema adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Lakini mwaka huohuo Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua kesi huko, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Anayekutoza fedha leo kukufungulia kesi hiyo anakudanganya.

Mwisho ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, na marais wamekuwa wakibadili adhabu za kifo kuwa kifungo cha maisha kwa makundi. Desemba 2020 walikuwa zaidi ya 200. Maombi hupitia kwa mkuu wa gereza. Huku ndiko mnakoweza kuweka yale ambayo rufani haikuyataka: umri, ugonjwa, mwenendo mwema gerezani, barua ya kusamehe ya familia ya marehemu. Ambatanisheni nakala ya hukumu zote mbili, na mwacheni mfungwa mwenyewe atie sahihi.